Beki Aliyechaguliwa kwa Mzaha

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Si ile ya kukariri tarehe ndio upite mtihani. Hii ni ya jamaa mmoja anaitwa John Scott, beki wa hoki ya barafu, ambaye alicheza mechi 286 kwenye ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, ile NHL, na akafunga mabao 5. Matano tu, kwa maisha yake yote ya ligi hiyo. Halafu Januari 2016 huyo huyo akawa nahodha kwenye mechi ya nyota wote, na akaondoka na tuzo ya mchezaji bora. Alifikaje huko? Watu wa intaneti walimpigia kura ndio wamcheke.

Najua kuna mtu ashauliza barafu na Nairobi wapi na wapi. Kwanza, sisi tuna timu. Kenya Ice Lions wamekuwa wakifanya mazoezi pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na 2018 walipelekwa Canada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa ya huo mchezo. Pili, hii stori si ya barafu sana. Ni ya venye umati hufanya ukishapata mtu wa kuchezea, na hiyo hatuhitaji kufunzwa na Mkanada.

Sasa kama hujawahi kutazama hoki, sikiza. Kila timu inaweka watu sita kwa barafu: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanakimbiza kisahani cha mpira mgumu kwa magongo, wakiwa na viatu vya vyuma, na kasi ni ya kutisha. Hakuna anayekaa uwanjani sana. Unaingia, unapiga kazi chini ya dakika moja, unatoka unapumua, mwenzako anaingia. Na kuna kitu kingine ambacho kwa michezo mingi kingekupeleka nyumbani: ngumi. Kwenye NHL mkipigana, kila mmoja anakaa nje dakika tano kwa kijumba cha adhabu, halafu anarudi kucheza.

Kutokana na hiyo sheria ikazaliwa kazi. Timu ilikuwa na nyota wake, kijana mwepesi anayefunga mabao, na wapinzani walitaka kumuumiza. Kwa hivyo klabu ikaajiri baunsa. Mtu mkubwa, anakaa kwa benchi karibu mechi yote, na kila mtu uwanjani anajua ukimgusa kijana wetu, utaongea na yule. Si lazima apigane kila siku. Kuonekana tu ni nusu ya kazi.

John Scott alikuwa na mwili wa hiyo kazi. Mita 2 na sentimita kadhaa juu yake, kilo karibu 118. Alizaliwa Edmonton mwaka wa 1982, akalelewa St. Catharines, Ontario. Kule wachezaji wachanga huchaguliwa na klabu kila mwaka kwa zamu, na kwa Scott hakuna klabu iliyowahi kutaja jina lake. Akaenda chuo cha Michigan Tech, akacheza hoki huku akisomea uhandisi wa mitambo. Na digrii akaipata. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo mtu akiniambia huyu alikuwa mjinga wa ngumi tu, namwangalia vibaya.

Baada ya chuo alianza ligi ya chini, AHL, na Houston Aeros. Hiyo ndiyo ligi ya kungoja kuitwa. Msimu wa 2008-09 Minnesota Wild wakamwita juu. Kisha akaenda Chicago Blackhawks. Kisha New York Rangers. Kisha Buffalo Sabres. Kisha San Jose Sharks. Kisha Arizona Coyotes. Ukizifuata kwenye ramani utaona mtu ambaye kila mara akizoea duka la jirani, anafunga mabegi tena. Mchezaji wa aina hiyo hajengewi timu. Anaitwa pale pengo linapotokea, na pengo likizibwa anaondoka. Uzuri ni kwamba kila mara kulikuwa na timu nyingine iliyomtaka. Hiyo nayo ni kipaji, hata kama takwimu haziioneshi.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Mwaka wa 2013, akiwa Buffalo, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Toronto, alimwendea Phil Kessel, mfungaji ambaye hata si wa kupigana, na uwanja mzima ukageuka vita. Mwezi uliofuata alimgonga Loui Eriksson wa Boston kichwani, ubongo wa Eriksson ukapata mtikisiko, na ligi ikamfungia Scott mechi 7. Huyo Eriksson pia alikuwa na familia nyumbani. Kazi ya baunsa ina upande huo na lazima tuuseme.

Na hiyo kazi hula wenyewe vilevile. Derek Boogaard, aliyekuwa na Scott pale Minnesota, alikuwa mmoja wa wapiganaji walioogopwa zaidi kwenye ligi. Mei 2011 alikutwa amefariki, miaka 28, baada ya kuchanganya pombe na dawa za maumivu. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE, ule ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa mara kwa mara. Kwa hivyo kufikia 2015 ligi ilikuwa inajitenga na ngumi pole pole, na watu kama Scott walikuwa wanaisha sokoni. Alikuwa na miaka 33. Arizona walikuwa wanamchezesha mara moja moja.

Hapo ndipo intaneti inaingia.

Mechi ya nyota wote ya msimu huo ilipangwa Nashville, kwa mtindo mpya: timu nne za kanda, watu watatu dhidi ya watatu, na nahodha wa kila timu achaguliwe na mashabiki kwa kura. Kwenye podikasti moja ya hoki mtu akatupa wazo: si tumpigie kura yule jitu la Arizona ambalo halifungi? Ikashika. Watu wakapiga kura kama wanalipwa. Hawakumpenda ghafla. Kicheko chenyewe kilikuwa kwamba hastahili, na kwamba ligi ingeaibika jina lake likitangazwa. Scott mwenyewe aliwaomba mashabiki wawapigie kura wenzake badala yake. Hawakusikia, na kura zilipohesabiwa alikuwa ameongoza.

Ligi nayo ikaanza kumkunjia uso. Scott aliandika baadaye kwamba alikuwa ameombwa ajitoe, na kwamba mtu mmoja wa ligi alimuuliza kama anadhani watoto wake wangejivunia jambo hilo. Anasema hapo ndipo walipompoteza. Angeweza kukubali kwamba yeye si nyota, na tayari alikuwa amekubali. Lakini kuwaleta watoto wake ndani ya hayo mazungumzo, hapana.

Tarehe 15 Januari 2016, wiki mbili kabla ya mechi, Arizona wakamtoa kwenye mabadilishano ya klabu tatu. Akaenda Montreal Canadiens, na Montreal hawakumweka kwa timu kubwa. Walimtuma moja kwa moja kwa timu yao ya ligi ya chini, St. John's, kisiwani Newfoundland. Fungua ramani uone. Arizona ni jangwa kusini magharibi mwa Marekani, na Newfoundland ni pale Canada inapoishia mashariki, ndani ya bahari. Mke wake alikuwa na mimba kubwa ya mapacha. Na moja ya hizo klabu tatu ilikuwa Nashville, wenyeji wa ile mechi. Mashabiki wengi waliamini amehamishwa ili apoteze nafasi yake. Hakuna aliyethibitisha, lakini unaelewa kwa nini watu walikunja nyuso.

Na hapo upepo ukageuka. Watu walewale waliomchagua kwa mzaha wakaanza kumtetea. Kelele ikawa kubwa, na ligi ikasema sawa, atacheza kama nahodha wa Pacific. Siku chache kabla ya mechi akaandika makala marefu kwenye tovuti ya The Players' Tribune, kwa utulivu, bila matusi. Alieleza kwamba anajua yeye si mchezaji bora, lakini pia si kikaragosi. Kufika kwenye hiyo ligi kulimgharimu miaka ya mazoezi, na wachezaji wenzake walijua.

Januari 31, Nashville. Mechi ya kwanza dhidi ya Central, na dakika ya kwanza haijaisha, John Scott anafunga. Ukumbi ukalipuka. Baadaye akafunga la pili. Katikati akajifanya anataka kupigana na Patrick Kane, nyota wa Chicago, wote wawili wakicheka. Pacific wakashinda 9-6, kisha fainali 1-0 dhidi ya Atlantic. Timu iliyoshinda iligawana dola milioni moja. Jina lake halikuwa hata kwenye orodha ya wanaopigiwa kura ya mchezaji bora. Watu waliliandika wenyewe mtandaoni hadi likashinda. Wenzake, nyota wa kweli, wakambeba juu mabegani. Wiki hiyo iliyofuata mapacha wakazaliwa.

Hadithi za sinema hukatiza hapo. Maisha yakaendelea. Alirudi ligi ya chini, St. John's. Aprili Montreal walimpa mechi moja tu ya NHL, na hiyo ikawa ya mwisho. Desemba 2016 akatangaza kustaafu. Ligi nayo ikabadilisha sheria ili mchezaji aliye ligi ya chini asichaguliwe tena namna hiyo. Kofia aliyovaa siku hiyo iliombwa na makumbusho ya hoki ya Toronto.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Watu husimulia hii stori kama ushindi wa intaneti: eti mashabiki waliungana wakamtetea mnyonge. Mimi naona hapana. Intaneti ndiyo iliyomtia matatani kwanza. Kama asingefunga yale mabao mawili, kama angeteleza akaanguka mbele ya watu elfu kumi na kitu, ile video ingezunguka mpaka leo na kicheko juu yake. Umati ulimpenda kwa sababu ulipata mwisho mtamu. Watu walioshikilia heshima yake kabla mwisho haujulikane walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa watu waliofanya naye kazi. Wao hawakungoja bao. Walikuwa wamemwona mazoezini, wamekaa naye kwa ndege, wanajua ni nani aliyesimama mbele yao siku ngumi zilipokuja.

Tena kuna wanaosema alimnyima nafasi mchezaji aliyestahili. Naelewa hoja. Lakini ligi ndiyo iliyoandika sheria kwamba mashabiki wachague. Huwezi kufungua kura ndio upate kelele za bure mtandaoni, halafu matokeo yakikuudhi unamwambia aliyechaguliwa awe yeye wa kurekebisha, tena kwa kuulizwa kuhusu watoto wake.

Kazi yangu ni hii ya kamera na simu, kwa hivyo naongea na sisi tunaoifanya. Kila wiki hapa kwetu kuna mtu anatrendi bila kuomba. Mama amejibu swali vibaya mbele ya kamera, makanga ameanguka mlangoni, mwimbaji wa kanisa amekosa sauti. Tunachukua sekunde kumi za maisha yake tunazipa muziki wa kuchekesha. Baadhi yao hubahatika, wanapata tangazo, wanachangiwa doo, na sisi tunajipigia makofi kwamba tumemsaidia. Hatuhesabu wale ambao hawakubahatika, kwa sababu hao hawarudi kwa kamera kutuambia iliendaje.

John Scott alikuwa na vitu ambavyo wengi hawana. Alikuwa na wenzake wenye majina makubwa, alikuwa na digrii, alijua kuandika, na alikuwa na siku moja ya kujibu mbele ya dunia nzima. Mama wa sokoni aliyerekodiwa bila kuulizwa hana Nashville yake. Kwa hivyo kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, usijiulize kama itachekesha. Jiulize kama huyo mtu ana mahali pa kukujibu. Kama hana, wacha hiyo video ikae kwa simu yako.

Haya, tukutane kwa koment. Na kama kuna Ice Lion anasoma hii, karibu utusahihishe mambo ya barafu.