Faili la Picha na Tarehe Iliyofichwa Ndani Yake

Mtoto wa kwanza ambaye picha yake iliingia kwenye kompyuta alikuwa wa miezi mitatu. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi wa Ofisi ya Taifa ya Viwango nchini Marekani, aliipitisha picha ya mwanawe Walden kwenye skana aliyoiunda na wenzake. Ukatoka mraba wa pikseli 176 kwa 176. Mashine ya serikali, tena ya gharama, na cha kwanza baba alichokiwaza ni kichanga chake!

Desemba 1975 Steven Sasson wa Kodak akapiga picha bila filamu. Kamera yake ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti kulihitaji sekunde 23. Wakubwa wake hawakuchangamka; ulaji wao ulikuwa kwenye filamu na karatasi. Januari 2012 Kodak ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai.

Ila kamera peke yake isingetosha. Mfumo wa JPEG wa mwaka 1992 ndio uliopunguza uzito wa picha, kwa kutupa yale ambayo jicho halioni upungufu wake. Kisha, mwaka 1995, Wajapani wakaleta Exif: maelezo yanayokaa ndani ya faili lenyewe, tarehe, saa, aina ya kamera, na baadaye hata mahali. Kwangu mimi hatua hiyo inazipita zote, ingawa haisifiwi. Enzi za studio, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, tarehe uliiandika mwenyewe kwa kalamu nyuma ya picha. Ukisahau, ndugu watabishana hadi leo kama shangazi alivaa gauni lile kabla ya uhuru au baada. Exif haingoji kukumbushwa, mradi saa ya simu iwe sahihi. Wako waliofunga ndoa juzi na picha zao zinasema 1970.

Tatizo ni kwamba picha zetu zinasafiri kwa WhatsApp. Huko hubanwa upya na maelezo yale hufutwa. Kufutwa huko kuna heri yake, maana nani anataka mtu baki ajue nyumba yake ilipo? Lakini picha ya maziko ya babu ikishapita magrupu matatu ya ukoo, hubaki na siku uliyoipokea wewe, si siku aliyozikwa.

Basi unapomtumia dada yako picha za harusi, zitume kama hati, si kama picha. Zitafika na tarehe zake. Na zile zilizokwisha kuipoteza, ziandikie mwaka na majina sasa, mama akiwa bado anawatambua waliomo.