Mwaka 500 Hijria

Mwaka 500 Hijria ndio uliochongwa kwa hati ya Kikufi kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Mwezi uliotajwa ni Dhulkaadi, ambao watu wa pwani, kwa kuhesabu tangu Ramadhani iishe, huuita Mfungo Pili.

Vitabu vingi huugeuza mwaka huo kuwa "1107" na kuishia hapo. Ni haraka mno. Uliandama Septemba 1106 ukaisha Agosti 1107, kwa hiyo uandishi wa haki wa mwaka mzima ni 1106/1107. Mkulima wa Singida hahitaji kuelezwa alama hiyo ya mkwaju. Mvua zake ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Mtama wa 2023/2024 ulipandwa mwaka mmoja na kuvunwa mwingine. Kwake mwaka hukatwa na kiangazi, na Januari humkuta shambani akipalilia.

Namba 500 nayo ina hila yake. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo miaka 500 ya Hijria ni kama 485 ya jua. Ndiyo maana 622 ukijumlisha na 500 hupati 1107.

Dhulkaadi hiyo, iliyoangukia Juni na Julai 1107, kwa Wahabeshi ilikuwa ndani ya mwaka 1099, kwa Wakopti wa Misri 823, kwa Wayahudi 4867. Nchini China ulikuwa mwaka wa kwanza wa Daguan, jina la zama alilotangaza mfalme Huizong. Aliyetaka kukumbuka kwa wepesi alisema mwaka wa nguruwe.

Mwaka wa jua wa Waswahili, ule unaofunguliwa kwa nairuzi na ambao Makunduchi, jirani na Kizimkazi, huuadhimisha kwa Mwaka Kogwa, haukuwa na namba. Uliitwa kwa siku ya juma ulipoangukia: mwaka Jumapili, mwaka Jumatatu. Siku 365 ni majuma 52 na siku moja, basi jina husogea hatua moja kila mwaka na kurudi baada ya miaka saba. Kwa kupanga kilimo na safari inatosha. Kwa kuchonga ukutani haifai.

Msikitini humo mna tarehe ya pili, 1184 Hijria, yaani 1770/1771. Kwa hesabu ya mwezi, tarehe hizo mbili zimepishana miaka 684. Kwa hesabu ya mvua za Singida, kama 664.