Mwanaapolo

Mwanaapolo (wingi: wanaapolo) ni mchimbaji anayefanya kazi chini ya ardhi katika migodi midogo ya tanzanaiti huko Mererani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1967, na hayachimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani.

Kwa desturi mwanaapolo halipwi mshahara. Mwenye mgodi au mfadhili wake hugharimia chakula, baruti na vifaa. Jiwe likipatikana, mapato hugawanywa kwa mafungu, na lisipopatikana mchimbaji huondoka mikono mitupu. Hatari za kazi hiyo ni kuporomoka kwa miamba, milipuko, uhaba wa hewa, mafuriko, na vumbi linalosababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya wachimbaji mashimoni.

Kinachowavuta wengi ni uwezekano wa kutajirika ghafla. Juni 2020 Saniniu Laizer, mmiliki wa mgodi mdogo, aliiuzia serikali mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Mauzo ya kiwango hicho ni nadra. Aidha, hatari hazilingani: mfadhili huweka rehani mtaji wake, mwanaapolo huweka uhai. Tangu mwaka 2018 eneo la migodi limezungukwa na ukuta wa takriban kilomita 24, uliojengwa kuzuia utoroshaji wa madini.