Mbono Kaburi na Ardhi ya Kijiji: Chimbuko la Tasnia ya Nishati Mimea Nchini Tanzania, 2003–2012

Katika vijiji vingi vya Tanzania mbono kaburi ni mti uliozoeleka tangu zamani. Hupandwa kuwa uzio wa mashamba na, kama jina lake linavyodokeza, alama ya makaburi. Katikati ya miaka ya 2000 mti huo uligeuka kuwa zao la uwekezaji wa kimataifa, kwa kuwa mbegu zake hutoa mafuta yanayoweza kuendesha injini za dizeli. Insha hii inajenga hoja kwamba tasnia hiyo ilichochewa na sera ya tabianchi ya Ulaya kabla ya kupata mahali katika sera ya Tanzania, na kwamba gharama ya pengo hilo ilibebwa na ardhi ya vijiji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996 na kujiunga na Itifaki ya Kyoto mwaka 2002. Itifaki hiyo iliyabebesha mataifa yaliyoendelea wajibu wa kupunguza gesijoto. Ndiyo maana programu ya taifa ya mwaka 2007 ilijikita katika kuhimili athari, ikitanguliza kilimo na maji. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, ulikwisha kuweka mwaka 2003 lengo la asilimia 5.75 ya nishati mimea katika mafuta ya usafiri ifikapo 2010. Mwaka 2009 uliongeza lengo la asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo 2020. Soko likawa limeundwa kwa sheria. Kilichosalia kilikuwa kutafuta ardhi.

Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, kutoka katika vijiji 11. BioShape ya Uholanzi ilielekea Kilwa, na SEKAB ya Sweden ikapanga kilimo cha miwa Bagamoyo. Serikali iliunda kikosi kazi mwaka 2006, lakini miongozo ya nishati mimea ilitolewa mwaka 2010. Kwa hiyo maombi makubwa ya ardhi yalitangulia kanuni za kuyasimamia. Kufikia mwisho wa mwaka 2011 miradi yote mitatu ilikuwa imesimama au kubadili wamiliki. Mtikisiko wa fedha wa 2008 ulikausha mitaji, na mbono, uliosifiwa kustawi popote, ulitoa mavuno haba pasipo maji na rutuba.

Athari ya kudumu imo katika sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, mwekezaji wa kigeni hupewa ardhi ya kijiji baada ya kuhaulishwa kuwa ardhi ya jumla. Eneo likizidi hekta 250, uamuzi ni wa Waziri, akizingatia mapendekezo ya mkutano mkuu wa kijiji. Kampuni inapoanguka, ardhi hiyo hairejei kijijini yenyewe. Mwanakijiji aliyekubali kwa matumaini ya ajira na zahanati aweza kukosa vyote viwili, pamoja na msitu aliokuwa akiokota kuni.

Historia ilikwisha kutoa onyo. Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951 ulifyeka pori la Kongwa ili kuipatia Uingereza mafuta ya kula, ukaanguka kwa kupuuza mvua na udongo. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa ranchi. Mara zote mbili hitaji lilikuwa la Ulaya, na hatari ikabaki kwa wenyeji.

Mkakati wa Taifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulitolewa mwaka 2012, wakati kaya nyingi zingali zikipikia kuni na mkaa, hitaji ambalo mashamba ya mbono hayakukusudiwa kulitimiza. Kwa hiyo mtafiti wa sera za tabianchi hana budi kusoma hati za ardhi sambamba na mikataba ya kimataifa, kwa kuwa humo ndimo inamoonekana nani aliyelipa.