Bwawa la Samaki katika Nchi ya Vinyungu

Utamaduni wa taifa haukomei kwenye ngoma, nyimbo na mavazi. Namna watu wanavyoitumia ardhi na maji yao ili wapate chakula ni sehemu ya utamaduni huo, nayo ina historia yake. Historia ya ufugaji wa samaki nchini mwetu ni fupi, lakini ina funzo kubwa kwa watu wa nyanda za juu, ambao mara nyingi samaki huwafikia wakiwa wakavu, kutoka mbali.

Ufugaji huo ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Baadaye mabwawa yalichimbwa mahali pengi, na mwaka 1967 Serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima. Kufikia mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa 8,000. Hata hivyo, mavuno yalikuwa haba. Mabwawa mengine yalikaushwa na kiangazi, mengine yalikosa matunzo. Tena perege huzaa upesi. Wasipopunguzwa husongamana, wakagombea chakula na kudumaa. Ikadhihirika kwamba kuchimba si kufuga: bwawa huchimbwa kwa siku chache, bali huishi kwa kazi ya kila siku.

Sasa na tuitazame nchi ya Wabena, kwa mfano Kitandililo, karibu na Makambako. Wenyeji wa nyanda hizi wamerithi maarifa ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Mkulima wa kinyungu hujua mahali maji yanapodumu na jinsi ya kuyaongoza kwa mifereji. Bwawa likichimbwa kando ya kinyungu, viwili hivyo husaidiana. Samadi hurutubisha maji, vikaota vijimea vinavyoliwa na samaki. Pumba na majani ya mboga huwaongezea lishe. Kisha maji na tope la bwawa hurudi kustawisha mboga.

Lakini nchi hii ni ya baridi. Perege na sato hupenda maji ya joto. Yakipungua nyuzi 20 hula kidogo na kukua polepole. Kwa hiyo mfugaji wa Ubena hana budi kusubiri mavuno kuliko mwenzake wa pwani, na kupanda vifaranga kwa kadiri ya chakula alicho nacho. Aidha, maji ya bonde si mali ya mtu mmoja. Azibaye kijito humnyima jirani aliye chini yake, na akataye miti ya chemchemi hulikausha bwawa lake mwenyewe.

Basi walimu na wanafunzi wasiulize tu ni mabwawa mangapi yaliyochimbwa kijijini. Waulize ni mangapi yangali na maji baada ya miaka kumi, na ni watoto wangapi wanaokula samaki wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.