Programu Inapoachana na Sanduku Lake

Leo tuweke kando msimbo tuongee historia kidogo: historia ya masanduku ya kuhifadhia data, yale yanayokaa kwenye chumba cha seva yakiwa yamejaa diski.

Kwa wale wasiofahamu, sanduku hilo ni kompyuta kama nyingine. Kinacholipa thamani ni programu iliyomo ndani, ndiyo inayogawa data kwenye diski na kuirejesha diski moja ikifa. NetApp, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1992, ilijenga biashara yake hivyo. Masanduku yake ya mwanzo yalitumia Intel 486, prosesa ile ile ya kompyuta za ofisini, lakini ukitaka programu ilibidi ununue sanduku.

Wazo la kuvitenganisha halikuwa geni. Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba baadhi ya programu zake zitauzwa mbali na mashine, na hapo biashara ya programu ikapata nafasi ya kukua. Upande wa kuhifadhi data ulichelewa sana.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2005, Sun Microsystems ilipotoa msimbo wa ZFS kwa leseni huria ndani ya OpenSolaris. ZFS huziunganisha diski za kawaida kuwa hodhi moja, na hukagua data kila inaposomwa ili kujua kama imeharibika. Mwaka huo huo Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS, programu ya bure inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa sanduku la kuhifadhia. Mwaka 2007 ZFS ikaingizwa kwenye FreeBSD, mfumo uliobeba FreeNAS, na baadaye viwili hivyo vikakutana. Wakubwa hawakukaa kimya: mwaka 2007 NetApp iliishtaki Sun kuhusu hataza za ZFS, kesi iliyofutwa mwaka 2010.

Sasa angalieni jambo moja. Novemba 2008 Sun yenyewe ilitoa masanduku yake ya 7000. ZFS iliyokuwa ndani ilikuwa huria, lakini programu ya kuyasimamia haikuwa. Januari 2010 Oracle ikakamilisha kuinunua Sun, na Agosti mwaka huo OpenSolaris ikasitishwa. Msimbo mpya ukafungiwa ndani. Ule uliokwisha kutoka, hata hivyo, haukuweza kurudishwa. Mwaka 2010 mradi wa illumos uliuchukua na kuuendeleza, na mwaka 2013 waendelezaji wa mifumo mbalimbali wakaungana chini ya jina la OpenZFS.

NetApp nayo ilibadilika. Mwaka 2016 ilileta ONTAP Select, programu yake ikiendeshwa kwenye seva za kampuni nyingine. Ni hatua nzuri, ila unalipia leseni kulingana na ukubwa wa data, na msimbo unabaki kwao. Kwa hiyo kuna kutenganisha kwa aina mbili: kuna kuuziwa programu bila sanduku, na kuna kupewa programu ambayo mwenyewe hawezi kukunyang'anya kesho.

Kwa nini mtu wa Mjambere ajali? Kwa sababu hapa kwetu sanduku linaweza kufa kabla ya diski. Hewa ya chumvi hula mabati na nyaya, na stima ikikatika na kurudi ghafla, huunguza pawa saplai. Chukua shule, au studio yenye picha za harusi za miaka kumi. Diski ni nzima, lakini kama mpangilio wake unaeleweka na sanduku la kampuni moja tu, data yako inasubiri sanduku jingine la aina ile ile liagizwe kutoka mbali. Diski za ZFS utazichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi ya kutosha, hata ya mtumba ya eks-UK, uweke mfumo, uandike zpool import, na mafaili yanarudi. Nakala ya pili mahali pengine bado ni lazima, tusidanganyane.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia programu yake haitegemei tena mashine yake, mpongeze, kisha muulize: kampuni ikinunuliwa, hii programu inabaki ya nani? Waliokuwa na ZFS mwaka 2010 walikuwa na jibu tayari.

Haya, tuendelee kuelimishana.