Ng'ombe wa kifua kikuu akichinjwa, mzoga huwa mali ya nani?

NG'OMBE anapochinjwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya kifua kikuu, maswali mawili huzuka papo hapo: mfugaji atalipwa kiasi gani, na nyama inayobaki ni ya nani? Nchini Uingereza, ambako ugonjwa huu umezisumbua serikali kwa vizazi kadhaa, sheria imeyajibu yote mawili, ingawa wafugaji wengi hawajaridhika na majibu hayo.

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis. Binadamu naye huweza kuambukizwa, hasa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Ili kumtambua mnyama mgonjwa, daktari wa mifugo humdunga sindano mbili za tuberkulini shingoni, moja ya aina ya ndege na nyingine ya aina ya ng'ombe, kisha hurejea baada ya saa 72 kupima uvimbe. Uvimbe wa sindano ya pili ukizidi ule wa kwanza kwa kiwango kilichowekwa, mnyama huyo hana budi kuchinjwa. Aghalabu huwa mnene, mwenye afya machoni pa kila mtu, na pengine ndiye anayeongoza kwa maziwa zizini. Ndiyo maana hoja ya fidia huwa chungu.

Sheria ya Afya ya Mifugo ya 1981 inasema wazi kwamba mzoga wa mnyama aliyechinjwa kwa agizo la waziri ni mali ya waziri, naye anaweza kuuzika, kuuuza au kuuondoa kwa njia nyingine. Nyama ikikaguliwa na kuonekana salama huuzwa, na pesa huingia katika hazina ya serikali. Hata hivyo, mauzo yakizidi fidia iliyolipwa, ziada hurudishiwa mfugaji baada ya gharama kutolewa. Kama ng'ombe alikuwa na bima, kampuni ya bima inaruhusiwa kupunguza malipo yake kwa kiasi cha fidia hiyo. Mtu halipwi mara mbili kwa ng'ombe mmoja.

Mgogoro mkubwa zaidi umekuwa juu ya bei. Hadi mapema 2006, kila ng'ombe nchini England alithaminiwa peke yake. Serikali ililalamika kwamba wathamini walikuwa wakitaja bei za juu kupita kiasi, ikaleta jedwali: ng'ombe wamegawanywa katika makundi zaidi ya 40 kulingana na umri, jinsia, iwapo ni wa nyama au wa maziwa, na iwapo wana cheti cha ukoo. Kila kundi lina bei moja, itokanayo na wastani wa mauzo sokoni.

Wastani, kwa kawaida yake, humpendelea mwenye ng'ombe hafifu na kumwumiza aliyetumia miaka mingi kuboresha mbegu. Kampuni ya Partridge Farms, yenye ng'ombe wa maziwa wa ukoo bora, ilikwenda mahakamani kupinga jedwali hilo. Mwaka wa 2008 Mahakama Kuu iliipa ushindi, ikikubali kwamba wenye mifugo ya thamani kubwa walikuwa wakionewa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, na jedwali likabaki. Wales iliendelea kuthamini mnyama mmoja mmoja, lakini tangu 2017 fidia haiwezi kuzidi pauni 5,000 kwa ng'ombe.

Yapo pia mambo yasiyolipiwa kabisa. Zizi likipatikana na ugonjwa huwekwa karantini, ndama hawauziki, na maziwa ya ng'ombe aliyeonyesha dalili katika kipimo hayaruhusiwi kunywewa na watu. Hasara hizo hubebwa na mfugaji mwenyewe.

Kuna waliokataa hata kuzungumzia bei. Mwaka wa 2007 fahali aitwaye Shambo, aliyetunzwa katika hekalu la Skanda Vale huko Wales, alionyesha dalili baada ya kupimwa. Kwa waumini wa hapo, kumwua ilikuwa dhambi isiyofidiwa kwa fedha yoyote. Walishinda katika Mahakama Kuu Julai 16, wakashindwa katika rufaa siku saba baadaye, na Julai 26 fahali huyo akauawa.

Kwa Mkenya aliyelelewa miongoni mwa wafugaji, neno "mwenye ng'ombe" lenyewe lina utata ambao sheria ya Kiingereza haikuuwazia. Miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, kwa desturi ya kimanagan, mtu humkabidhi mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji hupata maziwa, ilhali ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya aliyemkabidhi. Wapokot nao wana tilia, ambamo ng'ombe mmoja huwafungamanisha watu wawili kwa miaka mingi. Sheria ya Uingereza humlipa mwenye mnyama peke yake. Chini ya kanuni ya namna hiyo, fidia ingemwendea mtu ambaye pengine yuko kilima cha pili, huku watoto waliokuwa wakinywa maziwa ya ng'ombe huyo kila asubuhi wakiambulia kibuyu kitupu.